Rohrbach Mia na Sabini na Kaburi Lisilo na Mwenyewe

Saa moja na nusu asubuhi. Jua la Aprili bado linabishana na ukungu, na Roswitha Rohrbach, mwenye umri wa miaka sitini na minne, anawasukuma wafu wa kijiji chake mmoja baada ya mwingine.

Si utovu wa adabu. Ni kazi, tena imeandikwa. Kila baridi kali inapoisha na barafu kuyeyuka ardhini, mawe ya makaburi hulegea, na kanuni zinataka kila jiwe lisukumwe kwa kiganja, taratibu, kuona kama siku moja litamwangukia mtu aliyekuja na maua yake. Likitikisika, Roswitha analichorea msalaba mdogo wa chaki. Lisipotikisika, analigonga kwa vidole viwili na kuliambia, "Haya, endelea."

Akiulizwa waendelee na nini, anashangaa.

"Na kulala. Kwani hapa kuna shughuli nyingine?"

Makaburi ni mia mbili na thelathini na moja. Mia na sitini na manne kati ya hayo yameandikwa Rohrbach. Jambo hilo halimshtui mtu, kwa sababu kijiji chenyewe kinaitwa Rohrbach, kijito kinachokipasua kinaitwa Rohrbach, na kati ya wakazi mia nne na kumi na wawili walio hai, mia na sabini wanaitwa Rohrbach. Mgeni akisimama mbele ya kanisa na kuita "Bwana Rohrbach!" atapata mwokaji mikate, fundi magari, mwenye hoteli, mwalimu mstaafu, na mbwa wa mwalimu mstaafu, ambaye naye ameandikishwa ofisini kwa jina la ukoo.

Wazee wanasimulia kwa uso mkavu kisa cha kikosi cha zimamoto cha kujitolea. Banda la nyasi lilishika moto, mkuu wa kikosi akaamuru, "Rohrbach, fungua maji!" Yakafunguliwa mabomba kumi na moja. Banda lilizimika papo hapo, pamoja na harusi iliyokuwa ikiendelea uwanja wa pili.

Ndiyo maana jina hilo halitumiki sana. Linatumika kwenye kodi, kwenye vyeti na makaburini. Katika maisha, mtu huitwa kwa nyumba yake: wa Mhunzi, wa Kinu, wa Kisimani, wa Kona, wa Juu. Mhunzi wa mwisho alikufa kabla ya vita, kinu kimegeuzwa karakana ya baiskeli, na kisima kilishafukiwa. Majina hayajapewa habari hizo.

Roswitha alizaliwa Rohrbach wa Kinu, akaolewa na Egon Rohrbach wa Mhunzi, na miaka tisa iliyopita akafiwa naye. Katika safari yote hiyo hajawahi kubadilisha sahihi yake.

"Wenzangu waliolewa wakapata jina jipya," anasema. "Mimi nilipata vyombo vya kuosha."

Jiwe la mia na arobaini na tatu liko mwisho wa safu yake, kando ya ua wa miti. Roswitha analiwekea kiganja. Linayumba kama jino la mtoto. Anatoa chaki mfukoni, anaitazama, anairudisha.

Juu ya jiwe hilo imebandikwa karatasi ya njano: "Muda wa kaburi hili umekwisha. Ndugu wa marehemu wanaombwa wafike ofisini." Karatasi imekaa hapo mwaka na nusu. Imenyeshewa, imeganda, imeyeyuka, na konokono mmoja ameisoma kutoka mwanzo hadi mwisho. Ndugu hawajafika.

Makaburi ya hapa hayamilikiwi milele. Familia hupewa miaka ishirini na mitano, kisha huomba kuongezewa. Wasipoomba, jiwe huondolewa, nyasi hupandwa, na nafasi husubiri mwingine. Jiwe lenyewe huenda kusagwa kokoto. Katika miaka yake kumi na saba ya kutunza makaburi, Roswitha ameondoa mawe kumi na tisa kwa mikono yake na kwa msaada wa trekta dogo la kijiji. Hili la ishirini alipewa barua yake mapema: lisitengenezwe, liondolewe tarehe thelathini Aprili.

"Mengine yote nilijua ni ya nani na kwa nini wameyaacha," anasema. "Huyu nilimjua kwa sura. Alinipigia pasi shela yangu ya harusi. Na sikujua ni wa nani."

Aliyelala hapo ni Hedwig Rohrbach, aliyezaliwa 1931 na kufa Februari 1999. Kwa miaka thelathini na sita alikuwa mfuaji na mpiga pasi katika hoteli ya kijiji, na aliishi katika chumba kilichokuwa juu ya chumba cha kufulia, ambako mvuke ulipanda na kumpashia sakafu bure. Hakuwa na mume wala mtoto. Hakuwa mchoyo wa salamu, lakini hakuongeza kitu juu ya salamu.

Mwenye hoteli wa sasa, Alwin Rohrbach wa Kona, alikuwa na miaka kumi siku Hedwig alipoteremka kwenye basi na sanduku lake.

"Baba alitangaza gazetini kwamba anatafuta mfuaji," anasema Alwin. "Ikaja barua moja tu: Hedwig Rohrbach, wa Rohrbach. Baba akasema, vizuri, ni mtu wa nyumbani, huyo haulizwi maswali."

Na kweli hakuulizwa. Watu wa Rohrbach wako tayari kumuuliza mtu uzito wake, mshahara wake na sababu ya talaka yake. Swali moja tu hawaulizi: "Wewe ni wa nani?" Kuuliza hivyo ni kukiri kwamba hukijui kijiji chako, na papo hapo kumwambia mwenzako kwamba hana umuhimu wa kujulikana. Ni matusi mawili kwa pumzi moja. Heri umkanyage mtu mguu.

Basi wa Kona walidhani Hedwig ni mpwa wa wale wa Juu. Wa Juu walidhani ni wa Kisimani, tawi lile lililohamia mjini. Wa Kisimani walikuwa na hakika kabisa kwamba ni wa Kinu. Na wa Kinu, nyumba aliyozaliwa Roswitha, waliamini ni wa Kona, maana kama si ndugu yao, kwa nini wampe chumba?

Mambo hayo yangebaki siri ya kila nyumba kama Hedwig asingekufa.

"Mazishi yale sitayasahau," anasema Alwin, na kwa mara ya kwanza hacheki. "Kanisa lilijaa. Watu sitini, sabini. Lakini benchi za mbele ni za wafiwa, na mtu mwenye adabu hakai mbele kama hakufiwa yeye. Kila mmoja akaingia, akaangalia mbele, akaona wafiwa hawajafika, akakaa nyuma. Tulibanana huko nyuma mpaka wengine wakasimama. Mbele palikuwa na jeneza na benchi nne tupu. Padri akangoja, akatazama saa, akaanza."

"Hakuna aliyesogea?" anaulizwa.

"Asogee aende wapi? Aonekane anajipendekeza kwenye msiba wa watu?"

Baada ya mazishi wote walishuka hotelini kwa kahawa na keki, kama desturi ilivyo. Hapakuwa na kahawa wala keki. Kahawa huagizwa na wafiwa. Walisimama dakika chache wakipigapiga viatu kuondoa theluji, wakapeana pole bila kujua nani ampe nani, wakarudi makwao.

Roswitha alikuwapo. Alikaa benchi ya tisa.

Yeye mwenyewe anaijua hesabu ya upweke vizuri kuliko anavyopenda kuonyesha. Anafanya kazi saa ishirini kwa wiki na kupata kama euro elfu moja na mia moja kwa mwezi, pamoja na pensheni ndogo ya ujane. Anaishi katika vyumba viwili vya chini vya nyumba ya Mhunzi. Nyumba si yake. Ni ya Gerold, mtoto wa Egon kwa mke wa kwanza, ambaye anakaa mjini na hupiga simu Krismasi. Roswitha ana haki ya kuishi humo mpaka afe. Haki hiyo imeandikwa, tena vizuri, na mwanasheria.

Lakini akishakufa, haikuandikwa aende wapi.

Egon amelazwa na mke wake wa kwanza, Lioba, katika kaburi la watu wawili. Jiwe lina majina mawili na limejaa. Ingewezekana kuweka chungu cha majivu pembeni, na miaka miwili iliyopita Roswitha alimpigia simu Gerold kumwomba, kwa kuwa yeye ndiye mwenye kaburi.

"Alisema, 'Roswitha, naomba unielewe, pale ni kwa mama.' Hakupaza sauti. Alinisemesha kwa upole," anasema, huku akisugua kuvu kwenye herufi za jiwe la mtu mwingine. "Angefoka ningemjibu. Upole utaujibu nini?"

Basi kila Jumatatu anaupalilia udongo wa Egon na Lioba, anamwagilia maua ya Egon na Lioba, na kuendelea na safu inayofuata. Analipwa kwa kazi hiyo kama anavyolipwa kwa makaburi mengine.

Asubuhi ile ya Aprili, baada ya jiwe kuyumba, Roswitha aliamua kufanya jambo ambalo barua ya ofisi haikumtuma. Alivua glavu, akafunga geti la makaburi, akaenda kutafuta ndugu wa Hedwig nyumba kwa nyumba.

Alianzia hotelini kwa Alwin. Alimkuta akifuta bilauri.

"Hedwig si wetu," alisema Alwin. "Tulimpa kazi tu. Nenda kwa wa Juu."

Wa Juu walimpa kiti, wakampa na soseji, lakini Hedwig hawakumpokea. "Mama alimtaja mara nyingi," alisema mwenye nyumba, "lakini alimtaja kama mtu wa Kisimani. Umeshawauliza wa Kisimani?"

Katika nyumba ya Kisimani anaishi Kreszentia Rohrbach, miaka tisini na mmoja, ambaye huketi dirishani na kukiendesha kijiji kwa macho. Alipomwona Roswitha mlangoni hakungoja salamu.

"Wewe umekuja kunipima urefu?"

"Bado, bibi. Nimekuja kuuliza kitu."

"Uliza haraka. Katika umri wangu swali refu ni hatari."

"Hedwig aliyekuwa akifua hotelini. Muda wa kaburi lake umekwisha. Si wenu?"

"Wetu?" Kreszentia alicheka mpaka akashika meno yake yasitoke. "Mwanangu, yule alikuwa wenu! Wa Kinu! Pua ile aliyokuwa nayo, pua ya marehemu baba yako kabisa, uliidhani ya nani?"

"Baba alisema ni wa Kona."

"Baba yako alikuwa hajui hata ng'ombe wake." Kisha bibi kizee akahesabu kitu kwa vidole vyake, akakosea, akaanza upya. Jungu kuu halikosi ukoko, lakini safari hii alikwangua mpaka chini bila kupata kitu. "Ngoja kwanza," alisema taratibu. "Umeshapita kwa wa Kona?"

"Nimetoka huko."

"Na wa Juu?"

"Nimetoka huko pia."

"Basi ameingia kijijini kwa mlango gani?"

Jibu lilikuwa ofisini. Ofisi ya kijiji ina chumba kimoja, kabati moja la chuma na karani mmoja, Tilman, naye Rohrbach wa Juu, kijana wa miaka thelathini mwenye ndevu zilizochongwa kwa rula. Alitoa kadi ya Hedwig ya mwaka 1963, ikiwa na harufu ya stoo ya viazi.

"Hii hapa," alisema. "Mahali pa kuzaliwa: Rohrbach. Umeona, mama? Ni wa hapa hapa. Tulikuwa tunahangaika bure."

"Soma na wilaya."

Tilman akasoma wilaya. Akaisoma tena. Akafungua ramani kwenye kompyuta.

Rohrbach ziko nyingi katika nchi hii, na nyingine ng'ambo ya mipaka. Roswitha anazijua kwa taabu zake: mwaka mmoja lori lilimletea jiwe la kaburi la daktari wa meno asiyemjua. Dereva alimkazia macho akamuuliza, "Hapa si Rohrbach? Na wewe si Rohrbach?" Kwa kuwa yote mawili yalikuwa kweli, alisaini, na daktari wa meno akakaa wiki mbili kwenye banda la majembe mpaka mjane wake alipopiga simu akilia.

Rohrbach ya Hedwig ilikuwa kilomita mia tano kutoka hapo, upande wa pili kabisa wa nchi. Chini ya kadi, kwenye nafasi ya ndugu wa karibu, palikuwa na mstari mmoja wa kalamu ya wino. Hakuna.

"Kumbe," alisema Tilman.

Roswitha aliomba kiti.

"Niliwaza yale maisha yake," anasema sasa. "Miaka thelathini na sita kati yetu. Kila mtu alidhani yuko kwao, basi hakuna aliyemkaribisha. Mtu hakaribishwi kwao. Hakualikwa Krismasi, kila nyumba ikijua kaalikwa na nyingine. Na yeye, maskini, sijui alituonaje. Labda alisema, watu wa Rohrbach hii ndivyo walivyo."

Tilman, kwa kutaka kufariji, alimsomea faili la kaburi. Hedwig alikuwa amelilipia mwenyewe mwaka 1995, miaka minne kabla ya kufa, kutoka kwenye akiba ya kupiga pasi. Na alikuwa amechagua kaburi la watu wawili.

"La wawili?" aliuliza Roswitha.

"La wawili. Upande wa kushoto haujaguswa."

Tilman anasema mama yule alilivuta faili na kuusoma mstari huo mwenyewe. Kisha akauliza kwa sauti ya mtu anayeulizia bei ya nyanya: mtu asiye na kwake anaweza kulichukua kaburi lile, jiwe libaki, na siku yake ikifika alazwe upande wa kushoto?

"Lazima awe ndugu, mama."

"Na asipokuwepo ndugu?"

Tilman akafungua kitabu cha kanuni. Asipokuwepo ndugu, mkazi yeyote aweza kuomba, ila ombi lazima libandikwe ubaoni siku kumi na nne. Akitokea mtu mmoja tu akapinga, au akadai marehemu ni wake, ombi linaanguka. Ilikuwa tarehe kumi na tano Aprili. Siku ya kumi na nne ingeangukia ishirini na tisa, mkesha wa kung'olewa jiwe. Katika fomu kulikuwa na mstari unaouliza uhusiano wa mwombaji na marehemu. Roswitha aliandika: "Alinipigia pasi shela."

Tangazo likabandikwa kati ya ratiba ya kuzoa takataka na habari za paka aliyepotea: Roswitha Rohrbach anaomba kuchukua kaburi la Hedwig Rohrbach.

Siku ya kwanza, Roswitha alipita mbele ya ubao mara tatu, akijifanya anakwenda kununua mkate. Siku ya nne alikuwa na mikate sita nyumbani na hana wa kula naye. Alikula kipande kimoja na jibini akiwa amesimama jikoni, kama afanyavyo tangu Egon afe. Anasema kukaa mezani peke yake ni kama kungoja mtu.

Hofu yake kubwa ilikuwa moja. Sasa kwa kuwa jambo liko ubaoni, huenda nyumba fulani ikaona aibu kwa kuonekana imemtupa mtu wake. Aibu huwaamsha watu. Wa Juu wakisema tu, "Ni wetu, tuachieni," kwa ajili ya heshima, Hedwig atapata jiwe na Roswitha atabaki bila pa kwenda. Wakikaa kimya, salama.

Siku ya sita Alwin alimsimamisha nje ya duka la mikate, akavua kofia.

"Roswitha, tusamehe," alisema. "Hatukujua kama alikuwa wenu. Baba angejua, angempa chumba chenye dirisha."

Roswitha alifungua mdomo amweleze.

"Usiseme kitu," alisema Alwin, akimpigapiga bega. "Mambo ya ukoo hayo. Mimi si wa kuuliza."

Siku ya tisa Kreszentia alimwita kutoka dirishani, barabara nzima ikisikia. "Si nilikwambia ni wa Kinu? Pua haidanganyi!"

"Bibi, hakuwa wa Kinu. Alitoka mbali, kadi yake..."

"Pua haidanganyi!" Dirisha likafungwa.

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kijiji kizima. Wa Juu waliliona tangazo wakatikisa kichwa kwa huruma: kumbe ni wa Mhunzi. Wa Kona wakasema kumbe ni wa Kinu. Kila nyumba ilishusha pumzi kwa kupata hakika kwamba Hedwig, kama walivyosema siku zote, ni wa nyumba nyingine. Hakuna aliyepinga. Kumpinga mtu kwenye kaburi la ndugu yake ni jambo ambalo Rohrbach yeyote asingelifanya hata kwa kulipwa.

Tarehe ishirini na tisa Aprili, saa sita mchana, Tilman alibandua tangazo na kugonga muhuri. Euro mia tisa, miaka kumi na mitano. Roswitha alikuwa nazo tayari ndani ya bahasha.

"Hongera," alisema Tilman, kisha akaona neno hilo halikai vizuri. "Au pole. Mama, sijui tunasemaje hapa."

"Sema karibu," alisema Roswitha.

Ni katikati ya Mei sasa, na jua limeacha ubishi. Jiwe la mia na arobaini na tatu limetiwa saruji na halitikisiki. Karatasi ya njano imebanduliwa kwa maji ya moto na kisu cha jikoni. Upande wa kulia pamepandwa maua ya zambarau. Upande wa kushoto Roswitha ameacha nyasi tu.

"Hapo nitapaacha hivyo," anasema. "Mtu hapandi maua juu ya kitanda chake mwenyewe. Atalalaje?"

Anacheka, kisha anaacha kucheka. Akisukumwa kidogo, kama anavyosukuma yeye mawe, anakiri kwamba katika zile siku kumi na nne kulikuwa na jambo lililomchoma, na halikuwa hofu ya kupingwa.

"Watu mia nne walisoma karatasi ile. Mwanamke mzima, mzaliwa wa hapa, aliyeolewa hapa, anaomba kulala na mfuaji asiyemjua. Nilidhani angalau mmoja atabisha hodi aseme, 'Roswitha, kwa nini?' Nilikuwa nimeandaa jibu. Nilikuwa na mikate, kahawa ipo." Anakunja kitambaa chake mara nne. "Wana adabu sana watu wetu."

Mwezi Julai atachukua likizo yake ya kwanza baada ya miaka mitano. Treni tatu, mwendo wa saa saba, mpaka ile Rohrbach nyingine. Amekwisha kununua tiketi, na ameiweka nyuma ya saa ya ukutani. Hamjui mtu huko. Ataanzia makaburini, kwa sababu ndiko anakojua kuongea na watu, kisha atagonga milango. Anataka kujua Hedwig alikuwa wa nyumba gani, ili jina la nyumba hiyo lichongwe kwenye jiwe, chini ya la ukoo.

Kuna jambo moja zaidi analotaka kulijua, na hilo analisema akiwa ameligeuzia jiwe mgongo. Kaburi la mtu mmoja lilikuwa nusu ya bei. Mpiga pasi hatupi pesa. Hedwig alikuwa akimwekea mtu nafasi.

"Kama huyo mtu yu hai bado, nitamtafuta mpaka nimpate," anasema, akivaa glavu zake. "Nitamwambia asiwe na wasiwasi. Hedwig hayuko peke yake tena, na yeye asihangaike kuja. Nimeshafika mimi."